Chenji isiyotimia: kumfundisha mtoto hesabu na insha kwa pamoja

Mtoto wa darasa la tatu anaweza kukuimbia jedwali la tano hadi mwisho, lakini ukimtuma sokoni Kibirizi na noti ya 10,000 anarudi hajui kama chenji imetimia. Mwenzake anajaza ukurasa mzima wa insha usio na kitu ndani: jua lilichomoza, ndege wakaimba, tukafurahi sana. Ugonjwa wao ni mmoja, kwamba wamepewa maneno kabla ya vitu. Hapa Kigoma vitu havikosekani, na dakika 20 kwa siku zinatosha kufundisha yote mawili.

Vijiti kwanza

Kata chelewa 120 za mchikichi, kila moja kama urefu wa kidole. Andaa kamba 12 za mgomba au mipira ya kufungia. Punje za mahindi na kokoto ziache. Zinahesabika, ndiyo, lakini hazifungiki, na somo lote limo katika kufunga. Mtoto ahesabu vijiti kumi na avifunge mwenyewe. Ukimfungia wewe, umemnyima somo. Mafungu kumi yakifungwa pamoja ndiyo mia.

Hapa lugha yenyewe huleta ugumu ambao walimu wengi hawaugusi. "Kumi na tatu" inajieleza. "Thelathini" haijielezi, kwa sababu majina ya makumi kuanzia ishirini mpaka tisini yametoka Kiarabu, na mtoto hasikii "mbili" ndani ya ishirini wala "nne" ndani ya arobaini. Kwa wiki mbili za mwanzo taja majina yote mawili kila mara: "makumi manne, arobaini". Sitini, sabini na tisini hazisumbui, maana zinafanana na sita, saba na tisa. Thelathini na themanini ndizo za kurudia zaidi kwa sababu zinaanza kwa sauti moja.

Kujumlisha 38 na 25: aweke mafungu 3 na vijiti 8, kisha mafungu 2 na vijiti 5. Vijiti vilivyolegea vimekuwa 13. Afunge kumi, fungu liende kwa wenzake, vibaki 3. Jibu ni 63. Mtoto anayeandika 513 si mvivu. Amejumlisha kila safu sawasawa, ila hajui kwamba safu ya mamoja haibebi zaidi ya 9. Mrudishe kwenye kamba, usimrudishe kwenye kanuni.

Kutoa ndiko kunakoumiza. Mpe 52 kutoa 27 na wengi watakuandikia 35, kwa sababu wameona 2 haitoshi kutolewa 7, wakageuza wakatoa 2 kwenye 7. Mwambie afungue fungu moja kwa mkono wake. Sasa ana mafungu 4 na vijiti 12. Anatoa 7, vinabaki 5. Anatoa mafungu 2, yanabaki 2. Jibu ni 25. Neno "kukopa" linapotosha watoto wengine, maana kilichokopwa hurudishwa na hapa hakuna kinachorudishwa. Sema "kufungua fungu".

Jedwali bila kukariri yote

Jedwali la 1 mpaka 10 lina majibu 100, na wingi huo humkatisha mtoto tamaa bure. Mwonyeshe kwamba 3 mara 7 na 7 mara 3 ni kitu kimoja, kwa kupanga dagaa mistari 3 ya samaki saba saba, kisha kuzunguka upande wa pili wa chanja. Ondoa jedwali la 1, la 2, la 5 na la 10, ambayo huingia haraka. Yanabaki majibu 21 tu ya kukaririwa kweli. Chukua mawili kwa siku, na urudie ya jana kabla ya mapya. Yanayochelewa zaidi huwa 6 mara 8, 7 mara 8 na 6 mara 7.

Kugawanya kufundishwe kwa kitu chenye mabaki. Dumu la mawese la lita 20 likimiminwa katika chupa za lita moja na nusu linajaza chupa 13, na nusu lita inabaki. Muulize hiyo nusu inakwenda wapi.

Swali analolitunga mwenyewe

Akishaweza kutoa na kuzidisha, mpe kazi ya kuandika swali. Mtoto anayeweza kutunga hesabu ya maneno ameielewa. Anayejibu tu huenda anabahatisha. Swali lina sehemu nne: nani, alikuwa na nini, kilibadilika nini, tunatafuta nini. Kwa mfano: *Mama Asha alinunua mafungu manne ya dagaa, kila fungu shilingi 2,000. Alitoa noti ya 10,000. Alirudishiwa kiasi gani?*

Angalia sarufi hapo hapo. Mafungu manne, samaki wanne, vijiti vinne, ndoo nne. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hufuata ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. "Watu kumi na mbili" ni kosa la kila siku: ni watu kumi na wawili.

Sasa badilisha kitu kimoja. Chenji ilipaswa kuwa 2,000, lakini Mama Asha amefika nyumbani akakuta 1,000. Hapo hesabu imekwisha na kisa kimeanza. Muuzaji alikosea? Noti ilidondoka njiani? Mtoto aliyetumwa kuipokea alinunua nini? Mwandishi achague jibu moja tu na alishikilie, kwa sababu insha nyingi za watoto huharibika pale zinapobeba ajali, mazishi na harusi katika ukurasa mmoja.

Mkataze kuanza na "Hapo zamani za kale" na jua linalochomoza. Aanze na mkono ukihesabu noti. Kisha mdai vitu vya macho, pua na masikio: badala ya "soko lilipendeza", aandike mchanga uliogandia kwenye dagaa, moshi wa samaki aina ya migebuka, injini ya mtumbwi inayokohoa ikikaribia ufukwe. Kama kisa ni cha usiku ziwani, ukweli wake ulindwe: dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wenye giza, kwa hiyo mbalamwezi kali na mavuno makubwa haviendi pamoja.

Urefu uwe sentensi 12 hadi 15. Katika rasimu ya kwanza usiguse tahajia hata kidogo. Kalamu nyekundu mapema humfunza mtoto kuandika maneno anayoyamudu tu. Katika ya pili aisome kwa sauti na azungushie kila "halafu" na "baada ya hapo". Zikizidi tatu, afute na atumie -ka-: alihesabu, akanyamaza, akahesabu tena. L na r, h zilizodondoka, na herufi kubwa zingoje rasimu ya tatu. Na kabla ya kuinakili kwenye daftari safi, arudi kwenye noti zilizotajwa ndani ya kisa na azijumlishe upya kwa vijiti, fungu moja kwa kila shilingi elfu.