Kabla hujasaini ofa ya kuponi: hesabu za saluni na mgahawa mdogo

Kuponi ya punguzo inayouzwa mtandaoni huilipa biashara ndogo pale tu inapoleta watu wapya kwenye saa ambazo viti vingekaa vitupu, na sehemu ya watu hao ikarudi kulipa bei kamili. Kimoja kikikosekana, mwenye duka anatoa fedha yake ili wengine wahudumiwe. Ndiyo maana kazi kubwa iko kabla ofa haijapandishwa: kalamu, karatasi, na bei za kweli za duka lako.

Groupon, tovuti ya kuuza kuponi hizi, ilianza Chicago mwezi Novemba 2008 na mfumo wake ukaigwa duniani kote. Nairobi nayo ikapata tovuti za namna hiyo, Rupu ikiwa moja ya zilizojulikana. Desturi ya tovuti hizi ni kushusha bei kwa nusu au zaidi, kuuza kuponi kwa muda mfupi, kisha tovuti kuchukua takriban nusu ya kilicholipwa. Huduma ya shilingi 2,000 inauzwa 1,000, na wewe unapokea 500. Wengi husoma "punguzo la 50%" wakadhani wamebakiwa na nusu ya bei, kumbe wamebakiwa na robo.

Mteja mmoja wa ziada anakugharimu kiasi gani?

Chukua saluni yenye viti vitatu vya kucha, inayotoza shilingi 2,000 kwa kucha za mikono na miguu. Takwimu ni za mfano. Weka zako mahali pake. Pango liache pembeni kwa sasa, kwa sababu utalilipa hata asipoingia mtu. Hesabu vile vinavyotumika mteja anapoketi: rangi, asetoni, pamba, krimu, maji ya moto, taulo la kufuliwa. Tuseme 220.

Halafu mfanyakazi, na hapa ndipo ofa nyingi huharibika. Kama fundi wa kucha analipwa asilimia 40, siku ya kawaida anapata 800. Siku ya kuponi asilimia hiyo ni ya bei ipi? Ukikokotoa kwa bei kamili, unapokea 500 na kumpa yeye 800. Ukikokotoa kwa 500, atapata 200 kwa kazi ileile ya saa moja na nusu, naye atailipua, na mteja mpya hatarudi. Kubaliana naye mapema kiwango kimoja kwa kila kuponi, mathalani 400, kilipwe siku hiyohiyo.

Sasa: 500 utoe 220 utoe 400, unabaki na hasara ya 120 kwa kila kuponi inayotumika. Mteja wa bei kamili anakuachia 980. Nambari hizi mbili ziandike ubaoni, kwa sababu kila uamuzi unaofuata unazitegemea.

Hesabu ya ofa nzima

Tuseme umeuza kuponi 200 na 160 zimetumika. Kila moja imekupotezea 120, jumla 19,200. Kati ya hao 160, 40 ni wateja wako wa siku zote walioiona ofa na kuidaka. Hao wangekuja kwa bei kamili, kwa hiyo umekosa 980 mara 40, yaani 39,200. Mara nyingi hasara hii huwa kubwa kuliko ile ya vifaa, na haionekani kwenye daftari lolote kwa sababu ni fedha ambayo haikuingia. Upande wa pili, wateja 50 wakiongeza kitu, kama kubandikwa kucha au kunyoosha nyusi, na kila mmoja akakuachia 300, umerudisha 15,000.

Ofa imekugharimu 43,400.

Je, ni nyingi? Inategemea umenunua nini. Wateja wapya ni 120. Mmoja kati ya watano akirudi kwa bei kamili, umepata watu 24 na kila mmoja amekugharimu takriban 1,810. Kwa kuwa kila ziara inakuachia 980, mtu huyo analipa gharama yake anapokuja kwa mara ya pili kwa bei kamili. Hiyo ni bei nzuri ya tangazo. Akirudi mmoja kati ya kumi, kila mteja amekugharimu takriban 3,620 na itabidi aje mara nne ndipo uanze kuona faida. Kwa saluni inawezekana, kwa kuwa kucha hukua. Kwa mpiga picha za harusi haiwezekani.

Makisio haya hayakuokotwa hewani. Mwaka 2011 Utpal Dholakia wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, alichunguza biashara 324 za Marekani zilizowahi kutoa ofa kama hizi. Asilimia 55.5 zilipata faida, 26.6 zilipata hasara, na zilizobaki hazikupata wala kupoteza. Karibu asilimia 80 ya watumiaji wa kuponi walikuwa wapya, 35.9 walitumia zaidi ya thamani ya kuponi, 19.9 walirudi kununua kwa bei kamili, na karibu kuponi moja kati ya tano haikutumika kabisa. Soko lako si Marekani, kwa hiyo fanya hesabu mara mbili: kwa kiwango hicho cha kurudi, kisha kwa nusu yake. Ofa inayokuumiza vibaya kwenye hesabu ya pili iache.

Mgahawa una shida yake

Katika uchunguzi wa awali wa Dholakia, wa mwaka 2010, migahawa ndiyo iliyofanya vibaya zaidi, huku saluni na spa zikifanya vizuri. Sababu iko jikoni. Sahani ya 1,200 inayouzwa 600 inakuletea 300. Kama viungo vyake ni asilimia 35 ya bei, umetumia 420 kabla hujawasha gesi. Halafu mwenye kuponi anakaa mezani Ijumaa jioni, meza ambayo ungeijaza kwa bei kamili.

Kama una mgahawa, usiuze sahani kwa nusu bei. Uza kuponi ya thamani ya fedha iliyo ndogo kuliko bili ya kawaida. Watu wawili wakila kwa 2,400 na wana kuponi ya 1,000 waliyoinunua kwa 500, watakulipa 1,400 mkononi na tovuti itakupa 250. Umepata 1,650, viungo ni 840, unabaki na 810 za kulipia gesi, wahudumu na mengine. Mteja ameona punguzo la nusu kwenye tangazo, wakati punguzo lake la kweli kwenye bili ni kama moja ya tano. Sharti liandikwe waziwazi: kuponi moja kwa meza, na haitoi chenji.

Weka ukomo wa idadi

Novemba 2011 duka dogo la keki huko Reading, Uingereza, liliuza kupitia Groupon keki ndogo 12 kwa pauni 6.50 badala ya 26. Walinunua watu 8,500, maana yake keki 102,000 kwa duka la wafanyakazi wanane. Liliajiri vibarua 25 wa muda, likapoteza kati ya pauni 2.50 na 3 kwa kila oda, na gharama za ziada za vibarua na usambazaji zikafika pauni 12,500. Lilipigwa na punguzo la asilimia 75 bila ukomo wa kuponi.

Ukomo unapatikana kwa kuhesabu saa tupu. Viti vitatu, saa nne tupu kila siku, Jumanne hadi Alhamisi: ni saa 36 kwa wiki. Huduma ya saa moja na nusu inakupa nafasi 24, na kwa wiki 12 nafasi 288. Usiuze 288. Watu humiminika wiki za mwanzo, hupotea katikati, kisha hurudi kwa kishindo wiki mbili za mwisho kuponi inapokaribia kuisha. Uza karibu asilimia 70, yaani 200. Kama hujui saa zako tupu ni zipi, andika kila anayeingia na saa aliyoingia kwa wiki nne kabla ya kuzungumza na tovuti yoyote.

Mkataba

Afisa mauzo wa tovuti atazungumzia idadi ya watu watakaoliona jina lako. Mrudishe kwenye mambo haya.

Kuponi zisizotumika, fedha zake ni za nani? Kwa utaratibu wa mwanzo wa Groupon nchini Marekani, mfanyabiashara alilipwa kwa kila kuponi iliyouzwa, kwa mafungu ndani ya takriban siku 60. Katika nchi nyingine nyingi alilipwa kwa zile tu zilizotumika. Kwenye mfano wetu, kuponi 40 zilizobaki ni 20,000. Ukizipata, gharama ya ofa inashuka hadi 23,400, na kila mteja aliyerudi amekugharimu 975. Kifungu kimoja kimekata gharama karibu nusu, kwa hiyo kipiganie kabla ya kingine chochote.

Kamisheni, yaani sehemu inayochukuliwa na tovuti, inajadilika, hasa kama huduma yako ni ya aina ambayo tovuti haina. Ikishuka kutoka asilimia 50 hadi 35, unapokea 650 badala ya 500, na ile hasara ya 120 inageuka ziada ya 30.

Yafuatayo yawe kwenye maandishi, kwa sababu ahadi ya simu haikusaidii mteja akija juu: ukomo wa idadi na kwamba mauzo yanasimama ukifikiwa, kuponi moja kwa mtu, siku na saa zinazokubalika, miadi siku moja kabla, tarehe ya mwisho, sikukuu zilizoondolewa, nani anarudisha fedha mteja akilalamika, ada za malipo ya simu zinakatwa kwa nani, na haki yako ya kulisoma tangazo kabla halijatoka. Kama una usajili wa VAT, muulize mhasibu kodi itahesabiwa kwenye kiasi kipi. Usisubiri hadi mwisho wa mwezi.

Fedha inayoingia kwa mkupuo ni deni la huduma 200. Anayeitumia kulipa pango lililochelewa atajikuta mwezi unaofuata ananunua rangi na kulipa mafundi kwa mkopo. Ifungie kwenye akaunti yake na uitoe kadiri kuponi zinavyotumika. Duka ambalo tayari halina fedha ya kuzungusha lisiingie kabisa kwenye ofa hizi.

Siku kuponi zinapoanza kuingia

Kagua namba ya kuponi na uifute kwenye orodha mteja anapofika, kabla hajaketi. Picha ya simu hutumwa kwa marafiki watano, na wa tatu ndiye utakayegombana naye mbele ya watu. Mfanyakazi mmoja tu, anayejulikana, awe na orodha hiyo.

Mwenye kuponi ahudumiwe sawa na mwingine yeyote: kiti kilekile, chai ileile, fundi yuleyule. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston na Harvard waliochambua maoni ya Yelp, tovuti ambako wateja huzipa biashara nyota, waliona kwamba wanaotaja Groupon hutoa nyota chache kwa takriban asilimia 10 kuliko wengine. Hadhari ya kwanza ni kutowapa sababu. Usimwambie mteja "nyinyi wa kuponi subirini".

Muulize swali moja: umewahi kuja hapa? Andika jibu, alichoongeza, na namba ya simu kama ameridhia kupokea ujumbe. Ridhaa hiyo ni ya lazima kisheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kabla hajatoka, mpe miadi ya pili yenye tarehe. Kucha zinahitaji kurudiwa baada ya wiki tatu hivi, kwa hiyo sema siku na saa, usiseme "karibu tena".

Kuponi yako mwenyewe

Kwa duka lenye wateja mia mbili au mia tatu kwenye WhatsApp, ofa ya nyumbani huwa bora. Uza huduma ileile kwa 1,000 kupitia till yako au Lipa Namba, Jumanne hadi Alhamisi pekee. Utoe 220 na 400, unabaki na 380 badala ya hasara ya 120. Udhaifu wake ni kwamba ujumbe unawafikia wanaokujua tayari, na ukiurudia kila wiki utawafundisha kusubiri punguzo. Kwa hiyo toa punguzo kwa mgeni anayeletwa na mteja wako: wakija wawili, mgeni analipa nusu na mwenyeji analipa kamili. Au punguza ziara ya pili badala ya ya kwanza: aliyelipa 2,000 leo akirudi ndani ya siku 30 analipa 1,500, na hata ukimlipa fundi 800 zake kamili unabaki na 480.

Ofa ya tovuti, kama umeifanya, ipime siku 90 baada ya kuponi ya mwisho kuisha. Pitia daftari, hesabu majina mapya yaliyolipa bei kamili angalau mara mbili, na ugawe gharama yote ya ofa kwa idadi hiyo. Kiasi hicho kikizidi kile ambacho ziara tatu za bei kamili zinakuachia, ambacho kwa saluni yetu ni 2,940, mwambie afisa mauzo kwamba hutarudia kwa masharti yaleyale, na umtajie kamisheni na ukomo ambavyo vingekufanya ukubali.