SOMO: Kutafuta nafasi ya PhD (shahada ya uzamivu) ya anthropolojia ya vitalu nyumba, kutoka swali hadi kibali

Somo hili ni la mwenye shahada ya uzamili anayetaka kuwatafiti watu wanaoishi kwa kilimo cha vitalu nyumba (greenhouse; Wakenya husema vivungulio) na madai ya uendelevu yanayokizunguka kilimo hicho. Mfano wetu ni Naivasha, Kaunti ya Nakuru, kwa kuwa pale mashamba ya waridi, ziwa na mitaa ya wafanyakazi vimekaa bega kwa bega.

Hatua ya 1: Pata swali, usiishie kwenye mada

"Uendelevu wa kilimo cha maua Naivasha" ni mada tu. Msimamizi akiisoma haoni utakachokwenda kutafuta. Lichunguze neno uendelevu lenyewe: linatamkwa na nani, limeandikwa kwenye karatasi gani, na gharama yake inamwangukia nani? Vyeti wanavyodai wanunuzi wa Ulaya vinataka kumbukumbu za maji, za dawa na za vifaa vya kujikinga. Je, mpuliza dawa anafanyaje kazi siku ambayo mkaguzi hayupo? Dodoso halitakujibu hilo. Linahitaji mtu aliyekaa pale hadi akazoeleka.

Waridi za Naivasha zimeandikwa sana na wanaanthropolojia, kwa hiyo tafuta mlango usio na msongamano. Mmoja ni ziwa lililofurika mwaka 2020 hadi maji yakaingia mtaa wa Kihoto. Mwingine ni nailoni za vitalu zilizochakaa: zikishabanduliwa, nani huziuza na zinakwenda kufunika nini?

Mlango tunaoupendekeza zaidi ni vitalu vidogo vya nyanya vya vikundi vya vijana na akina mama, vile vya mita 8 kwa 15 au 8 kwa 30. Vingi vimebaki mabomba matupu. Sababu moja inajulikana: mnyauko bakteria. Vimelea vyake hukaa udongoni miaka mingi, na kitalu hakihamishiki kirahisi, hivyo nyanya hupandwa palepale msimu hadi msimu mpaka kitalu kizima kinanyauka. Swali lako linaanzia hapo: kikundi kiligawanaje hasara, nani alibaki na deni, na kwa nini mradi mwingine ulikuja na kitalu kilekile?

Hatua ya 2: Ijue kazi kabla ya kuandika

Tofautisha mvunaji, mpuliza dawa, fundi wa umwagiliaji na mpangaji wa pakihausi (banda la kufungashia maua). Kila mmoja ana saa zake, hatari zake na msimamizi wake. Jifunze na hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya paa la hekta moja ni lita 10,000. Shamba likikwambia linavuna mvua badala ya kunyonya ziwa, uliza ukubwa wa paa na wa bwawa, kisha piga hesabu mwenyewe.

Hatua ya 3: Tambua aina ya nafasi

Kuna nafasi inayotangazwa kama ajira ndani ya mradi, kawaida Uholanzi, Ujerumani na nchi za Skandinavia. Unalipwa mshahara, lakini swali kubwa limeshaandikwa. Usilete andiko lako (pendekezo la utafiti) zima. Onyesha utakavyoibeba sehemu yao. Aina ya pili ni kujiunga na chuo kwa andiko lako kisha kutafuta ufadhili. Kwa walio Afrika Mashariki, fuatilia matangazo ya DAAD (shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo) ya kusomea ndani ya nchi au kanda, na ya Jumuiya ya Madola kwa Uingereza. Ukishasajiliwa, Wenner-Gren Foundation ya Marekani hufadhili kazi ya uwandani bila kujali uraia, maombi yakipokelewa hadi Mei 1 na Novemba 1. Fedha hizo si za ada.

Hatua ya 4: Barua kwa msimamizi

Maneno 300 yanatosha: swali, mahali, kwa nini yeye, lugha unazozijua, na fedha unazozilenga. Kiswahili chako ni sifa ya kitaaluma, kiandike. Kinachoua barua nyingi ni kutumwa kwa watu ishirini bila kubadilishwa neno.

Hatua ya 5: Vibali

Hapa ndipo ratiba nyingi hufia. Kenya utaanza na kamati ya maadili inayotambuliwa na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), kisha leseni ya NACOSTI yenyewe, ambayo ni ya mwaka mmoja na huhuishwa. Mgeni anahitaji pia taasisi ya Kenya ya kumpokea. Ukifika kaunti, ripoti kwa Kamishna wa Kaunti na Mkurugenzi wa Elimu kabla ya mahojiano ya kwanza. Tanzania mlango ni COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Tenga miezi sita. Ikibaki, ni heri.

Ruhusa ya kampuni ni jambo jingine kabisa. Leseni ya serikali haifungui geti la shamba.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mwanza: Shikamoo mwalimu. Uzamili wangu ni wa agronomia. Nitakubalika?

Jibu: Marahaba. Vyuo vingi hukubali, ila thibitisha kwamba umesoma ethnografia (utafiti wa kukaa na watu) na unajua kuandika kuhusu watu. Andiko linalopima kilo kwa mita ya mraba litarudishwa kwenye idara ya kilimo. Ujuzi wako wa magonjwa ya mimea utakusaidia sana kitaluni, kwa hiyo usiufiche.

Mwanachama, Nakuru: Meneja amenikatalia kuingia shambani. Je, niombe kibarua kimyakimya?

Jibu: Hapana. Huo ni udanganyifu, na ukigundulika watakaofukuzwa ni waliozungumza nawe. Hamia mitaani: Karagita, Kasarani, Kamere. Nenda kwenye vyama vya akina mama, makanisa, vituo vya kulelea watoto na ofisi ya chama cha wafanyakazi. Wengi hufanya kazi siku sita, hivyo Jumapili ndiyo siku yako. Ukibadilisha eneo, iarifu kamati ya maadili kwanza. Kuficha jina peke yake hakutoshi: "msimamizi mwanamke wa pakihausi, miaka 41, kutoka Siaya" atajulikana siku hiyohiyo.

Mwanachama, Arusha: Niwalipe ninaowahoji?

Jibu: Fidia nauli na muda, kiasi kilekile kwa kila mtu, na kiwe kimeandikwa kwenye ombi la maadili. Kamwe usitoe mbele ya msimamizi wao wa kazi.

Mwanachama, Eldoret: Nikae uwandani muda gani, na nianze lini?

Jibu: Miezi 12 ndiyo kawaida. Fika mapema kuliko Januari, uwe umezoeleka kabla ya msukumo wa Februari 14, wakati saa za ziada zinapokuwa nyingi na ukweli kuhusu dawa na uchovu unaonekana. Baki hadi Julai, soko linapolegea na wa mikataba mifupi wanaporudishwa nyumbani. Kwenye bajeti usisahau kunukuu mahojiano: saa moja ya sauti hula saa tano au sita za kuandika, kwa hiyo mahojiano 40 ya saa moja moja ni saa 200 hadi 240. Ukimlipa mtu akunukulie, asitoke mtaa uleule, atazitambua sauti.