Kurudisha mkono wa mrushaji wa besiboli baada ya mapumziko

Mashindano yakiisha, wachezaji wengi wa besiboli hapa Dar wanafanya moja kati ya mawili. Kuna wanaotupa glovu uvunguni mpaka waitwe tena, na kuna wanaoendelea kurusha kila jioni kana kwamba fainali ni kesho. Juzi nilimsaidia kijana wa sekondari aliyekuwa kundi la pili. Kiwiko kilikuwa kinamuuma hata akifungua bomba. Alipopona na daktari kumruhusu, nilimwandikia ratiba kwenye WhatsApp. Wengine wameiomba, basi hii hapa, nimeirefusha kidogo. Ni ya mkono usio na maumivu. Kama wako unauma hata usiporusha, anza hospitali.

Hatua ya 1: Acha kurusha

Acha kabisa. Mwongozo wa Pitch Smart, uliotolewa na MLB (ligi kuu ya besiboli ya Marekani) pamoja na USA Baseball (shirikisho la besiboli la huko), unataka vijana wapumzike kurusha kwenye mashindano angalau miezi 4 kwa mwaka, na miezi 2 hadi 3 mfululizo kati ya hiyo wasirushe kabisa kwa mkono wa juu ya bega. Kuangua maembe kwa mawe nako ni kurusha. Cheza mpira wa miguu, endesha baiskeli, fanya lolote lisilopeleka mkono juu ya bega kwa nguvu. Kinachopumzishwa hasa ni kano ya upande wa ndani wa kiwiko, ile ambayo Dk. Frank Jobe alimtengenezea upya Tommy John, mrushaji wa Dodgers ya Marekani, mwaka 1974. John alikosa msimu mzima wa 1975, na huyo alikuwa na daktari bingwa wa timu pembeni yake.

Hatua ya 2: Miguu na kiuno

Kuchuchumaa na kusimama, hatua ndefu za kupiga goti, pushapu, mbio fupi za mita 30 kwa kasi yote. Mnazijua. Naomba tu makocha waache kuwazungusha warushaji uwanja mara kumi kama adhabu. Mrushaji anatumia nguvu zake zote kwa muda mfupi mno, kisha anapumzika, kisha anarudia. Mfundishe hivyo hivyo.

Hatua ya 3: Bega

Mipira ya kuvuta ya mazoezi inayouzwa dukani ni mizuri, lakini tyubu kuukuu ya baiskeli inatosha, na mimi naipenda zaidi kwa sababu ikikatika haikuumizi mfukoni. Ikate ipate utepe mrefu, ifunge kwenye nguzo ya goli usawa wa kiwiko. Simama ubavu kwa nguzo, mkono unaorushia ukiwa upande wa mbali. Kunja kiwiko pembe mraba, bana taulo iliyokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, kisha vuta tyubu kuelekea nje taratibu na uirudishe taratibu zaidi. Taulo ikianguka, ujue umeanza kuvuta kwa mwili mzima. Halafu tazama nguzo, vuta mikono yote miwili nyuma mpaka mabega yakaribiane mgongoni. Mara 15, seti tatu, siku tatu kwa wiki. Kabla ya kila zoezi ikague tyubu karibu na fundo. Ikianza kupasuka nyufa ndogo itupe, maana ikikatika inakuja usoni.

Hatua ya 4: Kurudi kurusha

Hapa ndipo mikono inapoharibika, kwa hiyo nitakaa hapa.

Programu nyingi za Marekani zinapanga umbali kwa futi: 45, 60, 90, 120. Watu wakiona hivyo wanakadiria kwa macho, na macho ya mtu aliyekaa miezi mitatu bila kurusha siku zote yanaongeza. Fanya hivi: tafuta kamba isiyovutika, ipime kwa futi ya fundi ujenzi, ikate mita 9.15. Hiyo ndiyo nusu kipenyo ya duara la katikati la uwanja wa mpira wa miguu, na ni kama futi 30. Kamba moja na nusu ni futi 45. Mbili ni 60, tatu ni 90, nne ni 120. Usipime kwenye duara lenyewe kama ni uwanja wa mtaani, kwa sababu mengi yamechorwa kwa unga na makisio. Mwenye bahati ya kufanyia uwanja wa besiboli, kama ule wa Shule ya Sekondari Azania, hahitaji kamba: besi hadi besi ni futi 90, na katikati yake ni 45.

Rusha siku moja, pumzika siku moja, usirushe siku mbili mfululizo. Pasha mwili ndipo urushe. Usirushe ili upashe mwili. Kimbia mpaka jasho litoke, fanya tyubu seti moja nyepesi, ndipo ushike mpira.

Kila kituo, yaani kila umbali kati ya ile minne, kina siku mbili tofauti. Ya kwanza: mirusho 25, pumzika dakika kumi, mirusho 25. Ya pili: seti tatu za 25. Ukizimaliza bila maumivu, siku inayofuata ya kurusha songa kituo cha mbele. Misuli ikichoka na kukaza, hiyo kawaida. Maumivu ndani ya kiungo, hasa upande wa ndani wa kiwiko, unaacha hapo hapo, hata kama umebakiza mitano. Yakiisha, rudi kituo cha nyuma. Yasipoisha, rudi hospitali.

Mpira upae juu kidogo kabla ya kushuka. Ukitaka uende moja kwa moja kama risasi kutoka futi 120, unaiba nguvu begani. Piga hatua ya kuruka kidogo kabla ya kuachia, miguu ifanye kazi yake.

Na mpira wenyewe uangalie. Wa kanuni una uzito wa gramu 142 hadi 149. Ile mipira iliyolala nje wakati wa masika inakunywa maji. Mpelekee muuza duka mwenye mizani ya digitali akupimie. Uliozidi, utumie kwa kupiga tu. Ile mipira mizito ya kuongeza kasi mnayoiona YouTube, kwa mtoto wa sekondari mimi naikataa. Mwenye kocha wa karibu na mkono uliokomaa aamue mwenyewe.

Hatua ya 5: Kilimani

Ukimaliza futi 120, rudi futi 60 na nusu, umbali wa mrushaji kwenye mechi, mdakaji amechuchumaa. Anza tambarare, halafu kilimani, pale palipoinuliwa mrushaji anaposimama. Mpira wa kasi peke yake, nusu ya nguvu, kisha robo tatu. Kisha mpira wa kupunguza kasi. Mipira ya kukata kona inakuja mwisho kabisa, baada ya ile miwili kutoka bila maumivu kwa nguvu zote. Na siku uliyorusha kilimani, kocha akikuomba udake pia mechi ya pili, mwambie hapana, shikamoo kocha, lakini hapana.