Kusoma umri wa Omega kuukuu, kuanzia tumboni

Mtu akiniletea saa ya Omega ya zamani huanza na hadithi. Ilikuwa ya babu, babu alizawadiwa na tajiri wake, tajiri aliinunua mwaka 1950. Nasikiliza, naitikia, kisha naifungua. Mimi ni fundi saa, na nimeona saa nyingi ambazo hadithi yake ina umri mmoja na mashine yake ina umri mwingine.

Sababu ya mchanganyiko huo ni sifa ya kampuni yenyewe. Louis Brandt alianza kazi mwaka 1848 huko La Chaux-de-Fonds, Uswisi, akiwa na miaka 23. Hakuwa na kiwanda. Vipande alivipata kwa mafundi wa pale, yeye akaunga saa za mfukoni na kwenda kuziuza. Wanawe, Louis-Paul na César, walihamishia kazi mji wa Bienne, hukohuko Uswisi, mwaka 1880 wakaingiza mitambo, na mwaka 1894 wakatoa mashine waliyoiita Omega. Ubora wake unaujua ukiwa na tupa mkononi: kipande kikivunjika, unaagiza kingine na kinaingia bila kukwanguliwa, popote ulipo. Mashine ilipendwa hata mwaka 1903 jina lake likaingia kwenye jina la kampuni. Mwaka huohuo ndugu wote wawili walifariki, wakaacha kiwanda cha wafanyakazi 800 na saa 240,000 kwa mwaka mikononi mwa vijana, mkubwa wao Paul-Emile Brandt hajatimiza miaka 24.

Sasa ona: kipande kinachoingia popote ndicho kinachoiokoa saa, na ndicho kinachoivuruga. Miaka 60 ya kutengenezwa na mafundi mbalimbali, na saa imevaa uso wa huyu na kifuniko cha yule. Kwa hiyo usiulize "saa hii ni ya mwaka gani?" Uliza kila kipande umri wake, halafu tazama kama majibu yanapatana.

Kabla ya kufungua, itikise. Ishike kiganjani, uso juu, uipindue polepole kulia na kushoto. Kama ni ya kujijaza, yaani ina kizito ndani kinachoijaza kwa mwendo wa mkono, na unasikia kitu kikigonga ndani, tuk, tuk, kama mlango wenye springi, kile kizito hakizunguki duara zima. Kinakwenda nusunusu, kinagonga springi huku, kinarudi. Omega walianza mtindo huo mwaka 1943 na kuuacha katikati ya miaka ya 1950, walipoingia kwenye kizito cha kuzunguka kabisa. Hujashika hata bisibisi na tayari umepata miaka kumi na kitu ya kutafutia. Mzee aliyenifundisha alikuwa akifumba macho kwenye hatua hii. Nilidhani ni mbwembwe, mpaka nilipojikuta nafanya hivyohivyo.

Kisha fungua. Kifuniko chenye vijino pembeni ni cha kuzungusha. Tumia mpira laini unaonata kwanza; kikikataa, tumia ufunguo wake. Kisicho na vijino huwa cha kubandua, na mahali pa kuingizia kisu cha saa pana kijidomo kidogo ukingoni. Kisu cha jikoni kiache jikoni.

Hapa nilipata aibu yangu. Nililetewa Seamaster De Ville ya miaka ya 1960, nyembamba, mgongo laini wenye farasi wa baharini, alama ya Seamaster. Nikatafuta kijidomo, sikukiona. Nikalazimisha. Kisu kikateleza kikaacha mkwaruzo wa urefu wa punje ya mchele mgongoni, karibu na mkia wa farasi. Ile saa haina kifuniko cha nyuma hata kidogo! Kasha lake ni kipande kimoja, na mashine hutolewa mbele, baada ya kuondoa kioo. Mwenye saa alinisamehe. Mimi bado nauona ule mkwaruzo. Kwa hiyo ukizunguka ukingo wote usione mwanya, weka kisu chini.

Ukishafungua, tafuta mambo mawili. Upande wa ndani wa kifuniko kuna namba ya modeli. Za zamani huanza na herufi kama CK, na hiyo CK ni kasha la chuma cha pua. Juu ya mashine yenyewe kuna namba ndefu ya tarakimu saba au nane: ndiyo namba ya saa. Usizichanganye. Nimewahi kupigiwa simu na mtu mwenye furaha tele, kumbe amesoma namba ya modeli akaifanya mwaka.

Namba ndefu ndiyo historia ya kampuni kwa ufupi. Ilipita milioni 1 karibu mwaka 1895, milioni 5 karibu 1916, milioni 10 karibu 1944. Baada ya vita ilikimbia: milioni 12 karibu 1950, milioni 15 karibu 1956, milioni 20 karibu 1963. Milioni kumi za kwanza zilikula nusu karne. Kumi zilizofuata hazikufika miaka 20. Kwenye mbio hizo ndimo zilimozaliwa modeli zote unazozisikia: Seamaster mwaka 1948, Constellation 1952, Speedmaster 1957. Nasema "karibu" makusudi. Namba zilitolewa kwa mafungu, na mashine ingeweza kukaa kabla ya kuvalishwa kasha, kwa hiyo tofauti ya mwaka mmoja au miwili isikukoseshe usingizi. Tofauti ya miaka kumi ikukoseshe.

Karibu na hapo utaona namba ya kaliba, yaani aina ya mashine, tarakimu tatu kwa nyingi za miaka ya 1950 na 1960. Rangi yake nayo ni ushahidi: mashine za Omega za miaka hiyo zina wekundu wa shaba, na ukiifungua ukakuta rangi ya fedha tupu, uliza maswali.

Kwa Speedmaster, saa yenye vitufe vya kuhesabia muda, kaliba ni kila kitu. Za mwanzo zina kaliba 321, ambayo kati yake kuna gurudumu lenye nguzo ndogondogo zilizosimama kama meno ya ngome, na kila ukibonyeza kitufe cha kuhesabia muda linasogea hatua moja. Saa za aina hii ndizo NASA, shirika la anga la Marekani, walizozijaribu na kuzipitisha mwaka 1965. Mwaka 1968 ikaja kaliba 861, isiyo na gurudumu hilo, na mapigo yake yako juu: 21,600 kwa saa badala ya 18,000. Iweke sikioni. Mapigo matano kwa sekunde au sita? Sikio halihesabu, lakini ukizisikiliza zote mbili jioni moja hutazichanganya tena.

Uso wa saa nauacha mwisho kwa sababu ndio mwongo zaidi. Vaa lensi. Maandishi ya asili yana kingo kali. Yaliyopakwa upya yamevimba au yamepinda kidogo, hasa yale madogo ya "Swiss Made" chini ya 6. Tazama madoa yanayong'aa gizani. Ukiona herufi T pembeni ya "Swiss Made", kinachoyang'arisha ni tritiamu, iliyoshika nafasi katika miaka ya 1960. Kabla ya hapo ilikuwa radiamu. Radiamu haing'ai tena lakini mionzi yake ipo, basi usiikwangue na usipulize vumbi lake. Akrabu zenye rangi ya samli kwenye uso wenye madoa meupe pee hazikuzaliwa pamoja. Kioo cha plastiki cha asili kina alama ya Omega katikati kabisa, ndogo kuliko kichwa cha sindano, na bila lensi huioni. Kioo kisicho na alama si kosa, ni kioo kilichobadilishwa.

Na usidhani macho ya wakubwa hayadanganyiki. Novemba 2021 Speedmaster ya mwaka 1957 iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga za Uswisi milioni 3, na mnunuzi alikuwa Omega wenyewe, kwa ajili ya makumbusho yao. Mwaka 2023 kampuni ikatangaza kwamba saa ile iliungwaungwa, nyingi ya sehemu zake zikiwa za Omega kweli. Karibu kila kipande kingeweza kuulizwa kikajibu vizuri. Ndiyo maana majibu nayaandika yote kwenye karatasi moja, kifuniko, mashine, kaliba, uso, akrabu, kioo, kila kimoja na miaka yake, kabla ya kumwambia mwenye saa chochote.

Ukimaliza, paka pete ya mpira ya kifuniko grisi kidogo ya silikoni, pulizia vumbi kwa kipulizio cha mkono, si kwa mdomo, halafu ufunge. Karatasi ile mpe mwenyewe akae nayo pamoja na hadithi ya babu.