Kufundisha Sehemu kwa Bao la Kete

Sehemu huwachosha wanafunzi wa Darasa la Tano kwa sababu mara nyingi hufika kwao zikiwa tayari ni tarakimu ubaoni, asili chini na kiasi juu, kabla hawajaona kitu chochote kikigawanywa. Bao la kete linaweza kuziba pengo hilo, mradi mwalimu asiufanye mchezo kuwa zawadi ya kumaliza zoezi, bali auweke uwe ndio zoezi lenyewe.

Bao lina mashimo 32, yaani safu nne zenye mashimo manane kila moja, na kete 64. Kwa darasa la wanafunzi 60, wagawe katika makundi kumi ya watu sita, kisha siku chache kabla ya kipindi mwombe kila mwanafunzi alete vizibo 11 vya soda. Mtapata 660, na baada ya kila kundi kupewa 64 vitabaki 20 vya akiba. Mbegu za komwe zinafaa zaidi, lakini hazipatikani kila mahali. Mashimo huchorwa kwa chaki sakafuni au kuchimbwa chini ya mwembe.

Anza na bao tupu. Uliza safu moja ni sehemu gani ya bao zima, na usiseme neno hadi makundi yatoe majibu yao. Wapo watakaosema 8/32 kwa kuhesabu mashimo, na wapo watakaosema 1/4 kwa kuangalia safu. Waache wabishane, kwa maana ubishi huo ndio somo la sehemu zilizo sawa, na mwalimu akiukata mapema atakuwa ameupoteza.

Kisha pangeni kete za kuanzia namua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, ambapo kete za mkononi huingizwa ubaoni moja moja. Kila upande una kete 32: sita hukaa kwenye nyumba, yaani shimo maalumu la safu ya mbele, mbili mbili katika mashimo mawili yanayoifuata upande wa kulia, na 22 hubaki mkononi. Wanafunzi waandike kwamba kete za mkononi ni 22/32, warahisishe wapate 11/16, wafanye vivyo hivyo kwa zile 10 zilizo ubaoni wapate 5/16, kisha wajumlishe na waone kama wamerudi kwenye kitu kizima.

Msijaribu kumaliza mchezo, kwani kipindi ni cha dakika 40 na kanuni za bao ni nyingi. Palipo na mtoto ambaye babu yake hucheza barazani, yeye ndiye awaongoze wenzake; nimeona watoto wasionyoosha mkono mwaka mzima wakigeuka walimu hapo. Katika kila kundi wawili wacheze, wawili wahesabu, wawili waandike, na wabadilishane kazi baada ya mizunguko michache. Anayekula kete mbili za mwenzake hutoka 32/64 na kufikia 34/64, na waandishi hawana budi kuonyesha kwamba hiyo ni 17/32, huku mwenzake akibaki na 15/32.

Kelele zitakuwepo, hivyo ni vyema kumwarifu mapema mwalimu wa darasa la jirani.

Tenga dakika tano za mwisho kwa kukusanya vizibo. Kundi litakalorudisha 61 lieleze ni sehemu gani ya kete zake imepotea, na kama sehemu hiyo inaweza kurahisishwa.