Sumu ya shambani: namna ya kumhudumia mgonjwa kuanzia mapokezi hadi ICU

Nawaandikia manesi na madaktari wanaoanza zamu kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi hapa Moshi na Arusha. Ukanda wetu una kahawa, nyanya za Ngarenanyuki na vitunguu vya Mang'ola, kwa hiyo dawa za wadudu haziko mbali na nyumba za watu. Nitazungumzia kundi moja tu la dawa hizo, oganofosfati. Sumu hii hujaza mapafu maji, na dawa ya kuyakausha ipo na si ya gharama kubwa.

Hatua ya 1: Mvue, muoshe. Vaa glavu na aproni kwanza. Nguo zote zifungwe kwenye mfuko wa plastiki, kisha mwili uoshwe kwa sabuni na maji mengi, nywele na kucha zikiwemo. Ndugu wakisema wamempa maziwa, usiwagombeze. Andika kwenye faili, uendelee. Waombe chupa: "Mama, chupa yenyewe iko wapi?" Lakini usiiamini sana, maana dawa huhamishiwa kwenye chupa nyingine. Amini unachokiona: mboni ndogo kama ncha ya sindano, mate, jasho, kifua kinachokoroma, misuli inayochezacheza.

Hatua ya 2: Njia ya hewa. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, nyonya makohozi, weka oksijeni. Usimtapishe. Akihitaji mpira wa kupumulia, epuka suksamethoni, dawa ya kulegeza misuli: kimeng'enya kinachoivunja ndicho hichohicho kilichozimwa na sumu, kwa hiyo misuli italala kwa saa kadhaa.

Hatua ya 3: Atropini, ile dawa ya kukausha mapafu. Hapa ndipo mgonjwa anapopona au anapopotea, na wengi wetu tunakuwa waoga. Anza na miligramu 2 kwenye mshipa. Baada ya dakika 5 sikiliza mapafu, pima mapigo na presha. Kama bado kuna maji, ongeza maradufu: 4, kisha 8, kisha 16. Usirudie 2 kila mara. Utapoteza saa nzima huku mgonjwa anazama. Lengo ni mapafu makavu, mapigo zaidi ya 80 kwa dakika, presha ya juu zaidi ya 80 na kwapa kavu. Ingiza kidole kwapani, utajua. Mapigo kwenda mbio peke yake si sababu ya kusimama kama kifua bado kinakoroma, na mboni huchelewa kufunguka, usizisubiri. Akipata degedege, diazepamu miligramu 10 taratibu kwenye mshipa.

Mwambie mfamasia mapema. Mgonjwa mmoja anaweza kumaliza ampuli za wodi nzima.

Hatua ya 4: Dripu. Jumlisha dozi zote zilizomkausha, kisha mpe asilimia 10 hadi 20 ya jumla hiyo kila saa. Kwa mfano wa juu jumla ni miligramu 30, kwa hiyo anza na 3 kwa saa. Akianza kuchanganyikiwa, joto likapanda na tumbo likanyamaza kabisa, atropini imezidi: simamisha, subiri atulie, kisha rudi kwa kiwango cha chini.

Hatua ya 5: Shingo. Kati ya saa 24 na 96 mgonjwa anaweza kuwa anaongea vizuri, ndugu wanashukuru, kumbe misuli ya kupumua inachoka. Kila zamu mwambie: "Baba, inua kichwa kutoka kwenye mto, ukishikilie hapo." Akishindwa, ita daktari wa usingizi na uandae mashine ya kupumulia wakati huohuo, hata kama oksijeni inasoma vizuri. Atropini haitibu udhaifu huu. Anahitaji kusaidiwa kupumua, pengine kwa siku nyingi.

Hatua ya 6: Mazungumzo. Wapo waliopulizia shamba bila kinga, na wapo waliokunywa kwa uchungu. Hawa wa pili msimamo wangu ni mmoja: hakuna kumsema kitandani, wala kumhoji mbele ya wakwe. Kaa naye faragha, muulize kama bado anatamani kufa. Usimwandikie ruhusa kabla mtaalamu wa afya ya akili hajamwona, na kabla hamjakubaliana na familia nani atakayetunza ufunguo wa sanduku la dawa za shambani.