Kabla ya kwenda Mida au Sabaki kupiga picha ndege wa pwani

Anayetaka kuanza kupiga picha ndege wa ufukweni huuliza kwanza kamera gani anunue. Ningependa aanze kwa kuuliza maji yanajaa saa ngapi. Pale Mida, karibu na Watamu katika pwani ya Kenya, maji yakipwa tope huanikwa mpaka mbali, na ndege hutawanyika humo wakila. Hata mwenye lenzi ya milimita 600 atarudi na vidoa vya kijivu. Maji yakianza kurudi huwasogeza kidogo kidogo kuelekea ukingoni, makundi yanakaribiana, na mtu aliyekaa kimya mahali pazuri huwaona wakimjia wenyewe. Basi fika muda wa saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa kabisa, chagua pa kukaa, utulie hapo.

Jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, linapatikana kwenye mtandao, lakini lisome kwa makini. Saa zake ni za mfumo wa 24, kwa hiyo 16:10 ni saa kumi na dakika kumi alasiri, na baadhi ya tovuti hutumia saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Tena Mida ni hori lenye mlango mwembamba, hivyo maji ya ndani huchelewa kuliko ya bahari wazi. Mvuvi wa pale atakwambia yanachelewa kiasi gani vizuri kuliko jedwali lolote.

Kwangu siku bora ni za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Kilindini tofauti ya maji kupwa na kujaa siku hizo hupita mita 3, na katika pwani ya Kenya maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri. Hapo jua nalo linaingia katika hesabu. Ufuo wetu unatazama mashariki, kwa hiyo ukisimama mchangani asubuhi ukaelekea baharini, jua linakuchoma machoni na kila ndege ni kivuli cheusi. Alasiri jua liko mgongoni kwako, maji yanapanda, ndege wanasogea. Mambo matatu yanakutana kwa wakati mmoja. Kwenye maji mafu, siku ambazo tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo na maji hujaa mnamo saa nne asubuhi, afadhali uende ndani ya hori, ambako unaweza kuchagua ukingo ulioupa jua kisogo. Epuka saa sita na saa saba mchana popote utakapokuwa, kwa sababu mvuke wa joto juu ya mchanga huitikisa picha, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hilo.

Msimu ni jambo la pili. Wengi wa ndege hawa ni wageni wanaozaliana kaskazini ya mbali, hata Siberia. Wanaanza kushuka mwezi wa nane na wengi wameondoka mwishoni mwa mwezi wa nne. Anayeanza mwezi wa kumi hujipa kazi ngumu, maana wakati huo karibu wote ni kijivu juu na weupe chini. Ningemshauri aanze Machi au Aprili, wanapovaa rangi za kuzaliana kabla ya safari. Kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, yule ambaye wanasayansi humwita Calidris ferruginea, hugeuka mwekundu kama tofali, na ukishamjua hivyo hatakupotea tena akiwa kijivu. Wakati wa kusi fukwe hupungua ndege, ingawa wachanga ambao hawajafikia umri wa kuzaliana hubaki. Hata hivyo miezi hiyo ndiyo ya kwenda mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, kwa sababu Glareola ocularis, ndege wa Madagaska mwenye mabawa marefu anayekamata wadudu akiruka, huja kupumzika pale baada ya kuzaliana kwao.

Mida ina mgeni mmoja ambaye watu husafiri mbali kumwona: Dromas ardeola, mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi. Huzaliana kandokando ya Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba, akichimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu. Hapo Mida huonekana kwa makundi. Weupe wake huidanganya kamera. Jua likiwa kali punguza mwanga kidogo ili manyoya yasiungue kwenye picha. Kwa kitwitwi mdogo wa kijivu kwenye mchanga mweupe fanya kinyume, ongeza mwanga, la sivyo kamera itamfanya mweusi.

Sasa vifaa, kwa ufupi. Kama fedha zinatosha kitu kimoja, nunua darubini ya macho mawili kwanza, 8x42 (inayokuza mara 8, lenzi za mbele zina upana wa milimita 42) inafaa sana, kwa kuwa ndege utakayemtambua kwa jicho utampiga picha vizuri zaidi. Kamera yenye lenzi ya milimita 300 hadi 400 inatosha kuanzia. Weka kasi ya shata iwe 1/1000 ya sekunde kwa ndege anayetembea, na zaidi ya hapo kwa anayeruka. Beba betri ya akiba, kadi ya akiba, kitambaa laini na chupa ya maji yasiyo na chumvi ya kulowanisha kitambaa cha pili cha kufutia chumvi. Usibadilishe lenzi mchangani upepo ukivuma. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, kwa hiyo tafuta mapema mfuko wa turubai usiopitisha maji. Na leso kuukuu ya kulalia, maana picha nzuri ya kitwitwi hupigwa kamera ikiwa karibu na usawa wa macho yake, jambo linalomaanisha tumbo lako litakuwa topeni.

Viatu vinahitaji neno lao. Ndara hubaki kwenye tope la mikoko, nawe ukaendelea mbele bila ndara. Vaa raba za zamani zinazofungwa kamba. Sabaki kuna viboko na mamba, kwa hiyo usiende peke yako wala jioni sana; chukua mwongozaji wa pale pale anayejua wapi wamelala siku hiyo. Mida ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyo chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hivyo ulizia ada kabla ya kuondoka nyumbani. Kuna pia daraja la mbao la jamii linalopita mikokoni hadi kwenye kibanda cha kuangalilia ndege. Ulizia kama limefunguliwa. Droni iache nyumbani: inahitaji kibali, na tena hutimua kundi zima. Ukifika, wasalimu wavuvi na akina mama wanaookota chaza, na usielekeze lenzi kwa mtu kabla hujamwomba. Wakijua unatafuta nini, wao ndio watakaokuonyesha.

Kutambua ndiko kunakohitaji maandalizi marefu. Usiku wa kabla jifunze makundi, sio majina hamsini. Vitwitwi wenye macho makubwa na mdomo mfupi hukimbia, husimama ghafla, hudonoa, kisha hukimbia tena. Wenye mdomo mrefu hutembea wakitoboatoboa tope. Sululu ana mdomo mrefu uliopinda chini. Akiwa na mistari kichwani ni yule mdogo, Numenius phaeopus, na bila mistari, akiwa mkubwa zaidi, ni Numenius arquata. Mwenye mdomo uliopinda juu, miguu ya njano na mbio za kuinama ni Xenus cinereus. Mweupe anayekimbizana na wimbi, akilifuata linaporudi na kulikimbia linapokuja, ni Calidris alba, na ukimpata vizuri kwenye picha utaona hana kidole cha nyuma.

Kwa hiyo picha ya kutambulia ije kabla ya picha ya kupendeza. Piga ubavu, mdomo wote, miguu hadi vidole, hata kama mandhari ni mabaya. Piga na jirani yake unayemjua, ili upate kipimo cha ukubwa. Kisha subiri aruke kwa hiari yake na ubonyeze mfululizo, kwa sababu siri nyingi ziko chini ya bawa na juu ya mkia: Pluvialis squatarola ana kwapa jeusi, lakini anaposimama huwezi kuliona kabisa. Kumkimbiza ili aruke ni dhuluma. Machi na Aprili anajaza mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita, na kila anapotimuliwa anayachoma. Juu ya mstari wa mwani, pale mchanga ulipokauka, angalia unapokanyaga: Charadrius marginatus ni mwenyeji na hutaga kwenye kijishimo tu, mayai yakifanana na mchanga wenyewe. Ukiona ndege anajifanya kavunjika bawa mbele yako, rudi kwa nyayo zako zile zile.

Weka saa ya kamera iwe sahihi na pakua orodha ya ndege wa Kenya kwenye Merlin, programu ya simu ya kutambulia ndege, ukiwa bado na mtandao. Inasaidia, lakini isiwe hakimu. Vitwitwi wa mchangani wa aina mbili, mkubwa na mdogo, hukorogana hata mbele ya wazoefu, na kutengana kwao kuko kwenye urefu wa mdomo na miguu, vitu ambavyo picha moja ya mbali haisemi. Andika tu "kitwitwi wa mchangani" na uende kwa mwingine. Ukiona pete au kibendera cha rangi mguuni, piga picha nyingi kadiri uwezavyo, kisha andika papo hapo ni mguu gani, juu au chini ya goti, rangi zipi na kwa mpangilio upi kutoka juu, ukapeleke habari kwa watu wa A Rocha, shirika la uhifadhi lililo pale Watamu, ambao huwavisha ndege pete hapo Mida.